Pengo Hajatoka

Benchi la mbele ya duka la kinyozi lilikuwa na mguu mmoja mfupi uliotiliwa kipande cha tofali, na mtu akiinuka ghafla wenzake walimwagikiwa na kahawa. Kwa hiyo watu hawakuinuka ovyo. Walikaa, wakatazama ng'ambo ya barabara, na kwa wiki saba sasa kule ng'ambo kulikuwa na cha kutazama: kliniki mpya ya meno, mlango mmoja wa bluu, madirisha yaliyopakwa rangi nyeupe kwa ndani mpaka juu kabisa, na bomba lililotokeza ukutani likitema mtaroni, kila asubuhi, maji meupe kama yaliyooshea unga. Wenye kijiwe walikuwa wanne, ukimwacha Mama Birika aliyeuza kahawa. Alikuwepo Wembe, kinyozi mwenye duka lenyewe. Alikuwepo Karani, aliyestaafu kazi ya masjala lakini hajastaafu kuandika. Alikuwepo Breki, dereva wa malori wa zamani, ambaye shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba tangu juzi na kila aliyeuliza aliambiwa ni mbu. Wa nne ni Pengo, fundi cherehani, na mambo haya yalimpata yeye.

Pengo alikuwa na miaka kumi na moja kijiweni, na miaka yote hiyo aliongea mkono ukiwa mdomoni, vidole vinne juu, gumba kidevuni, utadhani anazuia chafya. Meno mawili ya juu ya mbele yalimtoka alipoanguka na baiskeli akiwa bado mgeni mtaani, kwa hiyo jina la Pengo lilimpokea kabla ya salamu. Jina hakulichukia. Alichochukia ni kula mbele ya macho ya watu. Nyumbani alikula nyuma ya pazia, kwenye chumba cha cherehani, uso ukutani, na mkewe akala mezani na watoto. Sasa watoto wote walikuwa na nyumba zao na mezani alibaki mke peke yake. Mwezi uliopita alimsemesha kupitia lile pazia, bila kupandisha sauti: "Baba watoto, nikila peke yangu huku nasikia kijiko chako huko, naona kama nimefiwa, na marehemu bado anakula."

Maneno hayo yalimwingia Pengo yakakataa kutoka. Alikwenda hospitali kubwa, wakamtazama, wakamwambia anafaa kuwekewa daraja la meno, lakini asichelewe, maana meno mawili ya pembeni yameshaanza kuinamia pengo na yakizidi kulala hayatashika kitu. Mkewe akampangia miadi kwa simu katika kliniki iliyo karibu, ile ya mlango wa bluu. Mara mbili miadi ilifika, na mara mbili Pengo alikaa hapo benchi akautazama mlango mpaka saa ikapita, akarudi nyumbani kusema daktari hayupo. Leo ilikuwa ya tatu, saa nne kamili. Alikuwa amevaa shati jipya alilojishonea mwenyewe, na kijiwe hakikujua kitu.

Karani alifungua daftari lake gumu, akalamba ncha ya kidole.

— Mpaka jana jioni, walioingia ni hamsini na wanane. Waliotoka, hakuna.

— Hata mmoja? akauliza Mama Birika.

— Hata mmoja. Nakaa hapa toka saa mbili mpaka saa kumi na moja, kila siku ya kazi. Na mnanijua, siandiki nisichokiona.

— Labda wanatoka ukiwa umekwenda kujisaidia.

— Nikienda namwachia Wembe kalamu.

— Kweli ananiachia, akasema Wembe. Juzi nimemwacha mteja kanyolewa upande mmoja, nimesimama hapa na kalamu ya mtu. Hakutoka hata inzi.

Wote wakautazama mlango. Ulikuwa mlango wa kawaida tu, wenye kitasa cha kawaida, na hilo ndilo liliwaudhi.

— Muuza mayai wetu aliingia lini? akauliza Breki, akiongea kwa upande wa kulia wa mdomo.

Karani akapekua.

— Namba kumi na tatu. Jumanne ya wiki ya pili. Kajifunika mtandio mpaka puani, kashika shavu.

— Na tangu hapo?

— Tangu hapo hayupo. Anapita mwingine.

— Huyo mwingine mimi simnunulii, akasema Breki. Anachekacheka sana. Halafu jana kaniita. Breki, kaniambia, za tangu juzi? Nikajiuliza, huyu kanijulia wapi?

— Kabeba trei zile zile, akasema Wembe polepole.

— Trei zile zile. Kandambili zile zile pia. Ila sauti siyo. Yule wetu alikuwa anaongea kama anapooza chai.

Pengo alisikia nywele za mikono zikimsimama. Alitaka kusema kitu cha kuchekesha, ndiyo ilikuwa kazi yake hapo kijiweni, lakini macho yalimrudi mlangoni.

— Mimi kinachonitisha ni ule mlio, akasema Wembe. Mnausikia? Mwembamba, kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Mwanzoni nilidhani ni mashine yangu ya kunyolea. Sasa nikiizima, ule unaendelea.

Wote wakategesha masikio. Kweli, ulikuwepo. Ulipanda, ukashuka, ukakatika katikati, na ulipokatika ilikuwa vibaya zaidi.

— Na maji meupe je? akasema Karani. Hamjajiuliza? Yale ni meno, mabwana. Yanasagwa.

— Watu hamsini na wanane hawatoi maji ya kila siku, akasema Mama Birika. Hesabu haiji.

— Kama ni meno peke yake, haiji. Kama ni mifupa pia, inakuja.

— Wewe Karani, nakunywesha kahawa halafu unanitia kichefuchefu.

— Sikilizeni, akasema Wembe, akijisogeza karibu nao benchini. Mimi nashika vichwa vya watu ishirini kwa siku. Uso wa mtu si wake, ni wa meno. Ng'oa magego, mashavu yanazama. Ng'oa ya mbele, mdomo unaingia ndani. Uso ni pazia na meno ndiyo fimbo ya pazia. Ukichomoa fimbo, pazia unalikunja, unaliweka kabatini. Ukitaka, unamtundikia mtu mwingine.

— Unasema wanavua watu sura?

— Sisemi. Nasema inawezekana.

— Mimi nitawaambia, akasema Breki, na jasho lilikuwa linamtoka ingawa jua halijawafikia. Nimeendesha lori miaka thelathini, nimelala porini, nimeona mengi. Wale watu wanatoka. Wanatoka kila siku. Ila wakitoka siyo wao.

Mama Birika alipangusa vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapanguswa. Karani alitazama saa yake, akatazama mlango, kisha macho yake yakatua kwenye shati la Pengo.

— Pengo, akasema. Hilo ni shati la kwendea mahali.

— Ni shati tu.

— Limepigwa pasi mpaka mikono. Unakwenda wapi?

Pengo alikaza mkono mdomoni. Zilibaki dakika kumi. Aliwaza kudanganya, na uongo ulikuwa tayari, mzuri kabisa, wa mteja na gauni la harusi. Kisha akakumbuka kijiko nyuma ya pazia.

— Nakwenda pale, akasema.

Wembe akasimama, benchi likainama, na hakuna aliyejali kahawa.

— Pale wapi?

— Pale. Saa nne. Wanisubiri.

— Umerogwa? akasema Karani. Baada ya yote haya niliyokusomea?

— Wananiwekea daraja. Nilielezwa hospitali. Wanachonga kidogo meno mawili ya pembeni, wanachukua kipimo cha mdomo, halafu wanatengeneza meno manne yaliyoungana. Ya pembeni yanavishwa kama kofia, yale mawili ya katikati yananing'inia juu ya pengo. Ndiyo daraja. Mtu anakula nalo, anacheka nalo.

Aliyasema yote kwa ile sauti yake ya upepo, ambayo kila "s" ilitoka na mluzi. Kijiwe kilimsikiliza kama mtu anayesoma wosia.

— Wanachonga meno mazima? akauliza Breki kwa sauti ndogo.

— Kidogo.

— Kwa ule mlio?

Breki akamshika kifundo cha mkono, na mkono wenyewe ulikuwa wa moto kwa homa ya lile shavu.

— Kaa, mzee mwenzangu. Kwani kuna nani hapa aliyekulalamikia? Sisi tunakupenda hivyo hivyo ulivyo.

— Nyinyi hamli na mimi, akasema Pengo.

Alijitoa mkononi mwa Breki taratibu, akavuka barabara. Nyuma yake alimsikia Wembe akisema, "Andika, basi, andika," na Karani akijibu kwamba ameshaandika, hamsini na tisa.

Mlango wa bluu ulifunguka kirahisi mno. Ndani kulinukia karafuu na mpira mpya, kuta nyeupe, viti vitatu, na hapakuwa na mtu. Mtu mmoja angetosha kumtuliza. Kisha mwanamke mfupi mwenye koti jeupe akatokeza, akasema yeye ndiye daktari, akampeleka kwenye chumba chenye kiti kirefu cha kulala na taa yenye mkono.

Pengo alilala, na alipolala tu alirudi kuwa na miaka saba. Alikuwa kwenye foleni ya watoto uwanjani, mwanamume mwenye koleo la kung'olea meno akiwa mwisho wa foleni, mtu mzima mmoja ameshika kichwa na mwingine miguu. Alipiga kelele wasimame. Alikumbuka mpaka leo kwamba hakuna aliyesimama, na kwamba sauti ya jino likitoka hakuisikia masikioni bali ndani ya kichwa. Tangu siku ile hakuna daktari wa meno aliyewahi kumgusa.

— Unaogopa, akasema daktari, akipanda juu ya kigoda ili amfikie. Wengi huogopa. Kwanza nakuchoma ganzi, utasikia kama siafu mmoja, basi. Na hapa kwangu kuna sheria moja. Ukiinua mkono wa kushoto, nasimama. Hunipi sababu, hunielezi. Unainua, nasimama.

— Hata katikati?

— Hata katikati.

Akamchoma. Alikuwa siafu mmoja kweli. Mdomo wa juu ukaanza kupotea, kwanza midomo, kisha pua kwa chini, mpaka Pengo akahisi ana shimo kubwa kuanzia machoni hadi kidevuni. Kisha mlio ukaanza, sasa si wa ng'ambo ya barabara, ulikuwa ndani yake. Pengo akainua mkono.

Mlio ukakatika.

Daktari alikaa kimya juu ya kigoda chake, mikono magotini. Hakuuliza kitu. Baada ya muda Pengo akashusha mkono, mlio ukarudi. Akauinua tena, safari hii si kwa maumivu, kwa sababu hayakuwepo, ila kuona kama yule mwanamke atasimama na mara ya pili. Alisimama. Machozi yalimtoka Pengo yakaingia masikioni, akaona aibu, lakini hofu ilikuwa imemshuka kama homa inavyoshuka, ghafla, ikamwacha mwepesi na amechoka. Hakuinua mkono tena. Daktari alipomaliza kuchonga alipaka dawa laini ya rangi ya waridi kwenye kibati, akambana nayo mdomo mzima mpaka ikaganda, akaichomoa, na ndani yake kukabaki alama ya kila kitu alichokuwa nacho Pengo na kila asichokuwa nacho.

Alipokuwa amekaa akisubiri, ndipo alipoiona rafu. Ilikuwa ukutani nyuma ya kiti, ndefu, imejaa vinywa vya plasta nyeupe, ule unga unaokorogwa na maji ukaganda. Vyote vilikuwa wazi. Pengo alikuwa mtu wa kutazama midomo. Miaka kumi na moja, kila aliyekutana naye alianza kumwangalia meno. Kwa hiyo aliwajua. Yule wa pembeni, mwenye jino lililopanda juu ya jingine, alikuwa mtu wa posta. Yule asiye na magego alikuwa mwalimu wa chekechea. Na katikati, meno matatu ya mbele hayapo, alikuwa muuza mayai, kama alivyokuwa kabla ya Jumanne ile. Pengo alimkumbuka yule mwanamke wa sasa anayecheka, mwenye kandambili zile zile. Akaelewa, na kuelewa hakukumpa nafuu aliyoitegemea.

Mtengenezaji wa meno, kijana wa kike mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi, aliingia na kinywa kibichi mikononi, alichokimimina kwenye ile alama. Bado kilikuwa na joto. Alikuwa ameosha bakuli lake kwenye sinki, na maji meupe yalizama kwenda kwenye bomba.

— Hiki ni changu? akauliza Pengo.

— Chako.

Pengo alikitazama. Hajawahi kujiona hivyo, kwa mbele, bila mkono. Pengo lenyewe lilikuwa jeusi katikati ya weupe wote ule, ingawa lilikuwa plasta tupu na kivuli.

— Mnakifanya nini baadaye?

— Kinabaki hapa, akasema yule kijana, akakiweka rafuni karibu na muuza mayai.

Daktari akamvisha meno ya muda, akasema ya kudumu yatakuwa tayari baada ya wiki mbili. Akamtahadharisha asile mpaka ganzi iishe, akianza aanze na vya laini. Kisha akampa kioo. Pengo alikitazama kioo muda mrefu. Mwanamume aliyekuwemo alikuwa na mdomo uliojaa, mashavu yaliyosimama, na alionekana ni mtu wa kuheshimika kidogo. Pengo alimsalimia kwa kichwa, naye akaitikia.

— Njia ya kutokea ni huku, akasema daktari. Unapitia dirisha la dawa, unachukua vidonge vyako, unatokea barabara ya nyuma.

Barabara ya nyuma ilikuwa na jua. Pengo alitembea mikono yote miwili ikiwa pembeni, upepo ukampiga kwenye meno, akacheka peke yake kama mwendawazimu. Wiki saba kijiwe kizima kimeulinda mlango wa kuingilia. Alizunguka kona mbio mbio, maana habari hii ilikuwa tamu mno kuichelewesha.

Walikuwa wamekaa wote wakitazama ng'ambo. Aliketi mwisho wa benchi, mahali pake pa siku zote, akawasabahi. Wembe alisogea kidogo, kwa adabu.

— Karibu, bwana. Kinyozi nipo, ila leo sinyoi. Tuna tatizo.

— Tatizo gani sasa? akauliza Pengo, na "s" hazikupiga mluzi, zilitoka safi. Hata yeye alishtuka.

— Mwenzetu kaingia pale toka saa nne. Sasa saa sita na nusu.

Pengo akacheka, mdomo wazi. Walimtazama kama mtu aliyecheka msibani.

— Acheni masihara, akasema. Ni mimi.

— Wewe nani?

— Mimi. Pengo.

Karani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alimtazama mdomoni, hakutazama kwingine.

— Ndugu yangu, akasema kwa upole, Pengo hana meno mawili ya mbele.

— Ndiyo niliyowekewa sasa hivi!

— Basi umejijibu mwenyewe.

— Kuna mlango wa nyuma. Watu wanatokea nyuma, wanapitia dirishani kwenye dawa. Muuza mayai ndiye yule yule. Yale maji ni plasta. Nendeni mkaone.

— Mlango wa nyuma haumo humu, akasema Karani, akapiga daftari kwa kidole.

Wembe alinyoosha mkono akashika ukosi wa shati, akaupinda, akautazama mshono kwa karibu. Machozi yakamlengalenga.

— Kazi ya Pengo hii, akasema. Alikushonea lini, bwana? Itunze. Hatashona nyingine.

Pengo alimtazama Mama Birika. Yeye ndiye mwenye akili kuliko wote, na alikuwa amemmiminia kahawa maelfu ya mara. Mama Birika alimtazama pia, akakunja uso, kama mtu anayetafuta neno lililo kwenye ncha ya ulimi. Kisha akainamisha macho.

— Unafanana naye kidogo machoni, akasema. Kidogo.

— Ningemshika vizuri, akasema Breki, na alikuwa analia kweli, machozi yakizunguka uvimbe wa shavu. Nilimshika nikamwachia. Mtu mzuri vile. Alikuwa anacheka kwa macho tu, mnakumbuka? Mimi sijawahi kuona mtu anacheka kwa macho tu.

— Alikuwa msikivu, akasema Karani.

— Alikuwa anakunywa ya mwisho kila siku, akasema Mama Birika, ili asiinue kikombe mbele ya watu.

Pengo alikaa akasikiliza wakimzika. Walimpenda, hilo hakuwahi kulijua kwa kiasi hiki, na lilimuuma. Akaanza kuogopa, si hofu ya kiti wala ya mlio, nyingine, baridi, aliyokuwa haijui. Midomo yake ilikuwa bado haina hisia. Aliigusa kwa kidole na kidole hakikugusa mtu. Aliwaza kile kinywa kilichobaki rafuni kikiwa wazi, chenye joto, na kwa mara ya kwanza akajiuliza kama Karani alikuwa anakosea. Na kama hawa waliomwona kila siku hawamwoni, je, kule nyumbani atafunguliwa mlango na nani, na kama nani?

Ndipo mkewe alipotokea kona ya barabara.

Hakuwahi kufika kijiweni hata siku moja, lakini walimjua kwa kumwona sokoni, na wote wakasimama. Alikuwa na kitambaa cha jikoni begani. Wembe alimwendea, mikono mbele, kichwa kimeinama.

— Shemeji, pole.

— Pole ya nini?

— Mumeo aliingia pale. Tulimkataza, shemeji. Sote tulimkataza.

— Najua aliingia. Mimi ndiye niliyemtuma. Ametoka?

— Hajatoka, akasema Karani.

Mwanamke alimtazama Karani, akamtazama Breki anayefuta machozi kwa mkono wa shati, akamtazama Mama Birika na birika lake. Mwisho akamtazama mtu aliyekaa mwisho wa benchi. Pengo alitaka kuongea akaogopa sauti yake mpya. Alitaka kutabasamu akaogopa meno. Alikaa tu, mikono magotini, akamwacha amtazame, na hajawahi kusubiri kitu kwa woga kama alivyosubiri wakati ule. Yeye hakumtazama mdomoni. Alimtazama pote, polepole, kama anavyotazama nguo iliyorudi kutoka kwa fundi, mabegani, mikononi, magotini, usoni.

— Ganzi bado? akauliza.

Pengo akatikisa kichwa kukubali.

— Nimepika vya laini. Ikiisha tutakula. Inuka twende.

Akamshika mkono, akamwinua. Mama Birika akarudi nyuma hatua moja.

— Shemeji, akasema Breki, unakwenda na nani?

— Na mume wangu.

— Shemeji, akasema Wembe, tafadhali. Huyu bwana ni mgeni, kaja sasa hivi. Mumeo bado yuko mle ndani. Tunamsubiri.

Walikuwa wameshapiga hatua kadhaa. Mwanamke akasimama, akageuka. Hakuwa na hasira, na ingekuwa heri angekuwa nayo. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu.

— Miaka kumi na moja mmekaa naye benchi moja. Mlikuwa mnamwangalia wapi?

Karani alifungua daftari, akapekua kurasa mbili tatu, akalifunga. Wembe alitazama viatu vyake. Ng'ambo ya barabara ule mlio mwembamba ulianza tena kwa mtu mwingine, na hakuna aliyeusikiliza. Mwanamke akampitisha mumewe mkono kwenye kwapa wakaenda zao.

Pengo hakugeuka. Walipofika kwenye kona alimsikia Breki nyuma, kwa ile sauti yake ya upande mmoja, akimwomba Mama Birika amwekee Pengo kikombe kimoja, asigawe kahawa yote, maana akitoka mle atakuwa na kiu.